Hamira Ina Njaa? Usiilishe Mbolea ya Shambani



Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni, kwenye ile kona ambako pipa la pombe au la divai hukaa limefunikwa kitambaa. Tumefikishwa huko na mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aliyekuja kutuomba ushauri. Alikuwa anatengeneza divai ya rozela, ambayo wengine huiita choya, kwa ajili ya harusi ya mwanawe iliyobakiza miezi miwili. Pipa lake la lita 40 lilianza vizuri, likatoa povu kwa siku tatu, kisha likanyamaza. Divai ilikuwa bado tamu kama sharubati. Jirani yake akamwambia: "Hamira yako ina njaa, mwenzangu. Tia konzi moja ya mbolea, kesho utaiona inachemka."

Tunamshukuru Mungu kwamba mama huyu aliuliza kabla ya kutia. Wapo wasiouliza. Wengine hutia mbolea kwa nia njema kabisa: wameona jirani akifanya hivyo, pombe ikaumuka haraka, na hakuna aliyeanguka siku ile. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu. Hamira inahitaji chakula cha namna gani? Ni kipi salama? Na kwa nini mbolea ya shambani isiingie kamwe katika kitu ambacho binadamu atakunywa?

HAMIRA NI KIUMBE HAI

Wengi wetu tunaifahamu hamira kama chembe kavu za rangi ya kahawia zinazouzwa dukani kwa ajili ya mikate na maandazi. Chembe zile ni viumbe hai vidogo sana, vya jamii ya ukungu na uyoga, ambavyo vimelala usingizi. Vikipata maji ya uvuguvugu na sukari, huamka. Hula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi na hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo inayoinua unga wa mkate na ndiyo inayotoa povu ndani ya pipa.

Lakini hamira haiishi kwa sukari peke yake, kama vile mtoto asivyoweza kukua kwa kula ugali mtupu. Sukari huipa nguvu tu. Ili ijenge mwili wake na kuzaana, inahitaji naitrojeni, ambayo ndiyo kiini cha protini. Inahitaji pia fosforasi, vitamini hasa za kundi B, na madini kidogo kama magnesi na zinki. Vitu hivi ndivyo tunavyoviita chakula cha hamira.

Vikikosekana, hamira huchoka kabla ya kumaliza sukari. Pombe husimama ikiwa tamu. Mara nyingine hutoa harufu ya mayai viza, kwa sababu hamira yenye njaa ya naitrojeni hutoa gesi yenye salfa. Kwa hiyo yule jirani hakukosea aliposema kwamba hamira huweza kuwa na njaa. Alikosea chakula.

POMBE GANI HUPUNGUKIWA?

Hapa wazee wetu walikuwa na hekima kubwa ingawa hawakuwa na neno naitrojeni. Tazameni mbege ya Kilimanjaro. Ndizi zilizopikwa huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Tazameni lubisi ya Kagera: maji ya ndizi hutiwa mtama. Tazameni pombe za mahindi na mtama katika mikoa mingi. Zote zina kimea. Nafaka iliyooteshwa ina protini iliyokwisha kuanza kuvunjika, ina vitamini na madini. Hiyo ni karamu kwa hamira. Pombe ya asili yenye kimea kizuri haihitaji kuongezewa chakula chochote.

Togwa nayo haihitaji kitu zaidi ya uji na kimea. Kinachoichachusha hasa ni bakteria wazuri wa asidi, wa jamii moja na wale wa maziwa mgando. Atakayekushauri kutia "dawa" katika togwa, hasa togwa ya watoto, msikilize kwa adabu lakini usimfuate.

Upungufu hutokea katika vinywaji ambavyo karibu sukari yake yote imetoka katika mfuko au katika mzinga. Asali ni tamu sana lakini ina naitrojeni kidogo mno. Ndiyo maana divai ya asali huchelewa. Rozela hutoa rangi nzuri na uchachu, lakini maji yake yakishatiwa sukari ni kama chai tamu tu. Divai ya mananasi au ya maembe ikizimuliwa kwa maji mengi na sukari nayo hupungukiwa. Watengenezaji wa vinywaji hivi ndio tunaozungumza nao hasa leo.

KWA NINI MBOLEA HAIFAI?

Tuseme ukweli: mbolea huweza kuamsha pipa. DAP ina naitrojeni na fosforasi. Urea ina naitrojeni nyingi zaidi, asilimia 46 ya uzito wake. Hamira huila na povu hupanda. Hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa sababu macho yanaona povu lakini hayaoni kilichobaki ndani ya kinywaji.

Kwanza, mbolea haikutengenezwa kuwa chakula. Fosforasi ya mbolea hutoka katika miamba inayochimbwa ardhini. Miamba hiyo huwa na madini mengine yenye sumu kama kadimiamu, aseniki na risasi, kwa viwango vinavyotofautiana kati ya machimbo na machimbo. Kwa chakula, fosfeti husafishwa na kupimwa. Kwa mbolea, usafishaji huo haufanywi kwa kiwango hicho, maana haikukusudiwa kuliwa. Tena chembe za mbolea huweza kupakwa rangi, au mafuta na vitu vingine vya kuzuia vumbi na kugandamana. Kadimiamu ikiingia mwilini hukaa katika figo kwa miaka mingi, na kila kikombe huongeza juu ya kile cha jana. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, hata wa yule aliye bado tumboni.

Pili, urea ina hatari yake ya pekee. Ikikaa pamoja na kilevi, hutengeneza kemikali iitwayo ethili kabameti. Mwaka 1985 kemikali hii iligunduliwa nchini Kanada katika divai na pombe kali, na nchi hiyo ikaweka viwango visivyoruhusiwa kupitwa. Mwaka 2007 wataalamu wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani kwa binadamu. Kiasi kidogo sana huweza kujitokeza chenyewe katika vinywaji vilivyochachuka, lakini anayetia urea anaiongeza kwa mkono wake. Nayo huongezeka kadiri kinywaji kinavyokaa na kadiri kinavyopata joto. Kwa hiyo anayesema "nitaichemsha itoke" anazidisha tatizo.

Tatu, mbolea kama CAN na nyingi za NPK zina naitreti. Hamira ya mikate na divai haiwezi kabisa kula naitreti. Yote uliyotia itabaki katika kikombe. Kwa mtoto mchanga, naitreti huweza kuzuia damu isibebe hewa safi ya oksijeni. Midomo na kucha zake hugeuka rangi ya buluu, na anaweza kufa.

Nne, tufikirie mifugo yetu. Machicha ya pombe huliwa na ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Urea ikizidi katika tumbo la ng'ombe au mbuzi hugeuka kuwa amonia kwa haraka, na mnyama huweza kufa katika muda wa saa chache. Familia inaweza kumpoteza ng'ombe wake wa maziwa kwa sababu ya konzi moja iliyotiwa katika pipa.

Msomaji mwingine atauliza: "Mbona mahindi tunayatia mbolea na tunayala?" Ni swali zuri. Shambani, mfuko mmoja hutawanywa katika ardhi pana. Udongo hushika sehemu kubwa ya madini, mmea huchukua kidogo na kukigeuza, nasi tunakula punje za mahindi. Ndani ya pipa hakuna udongo wala mmea. Kila kilichotiwa ama kimeliwa na hamira ama kinasubiri kunywewa. Kuchuja kwa kitambaa hakuondoi madini yaliyoyeyuka. Kuchemsha hakuyaondoi. Na kukigeuza kinywaji kuwa gongo ni kosa la sheria na ni kuongeza hatari juu ya hatari.

KABLA YA KUSEMA "INA NJAA"

Uzoefu unaonyesha kwamba pipa lililosimama mara nyingi lina tatizo jingine kabisa. Tuangalie mambo haya manne kwanza.

1. Hamira imezeeka? Chukua kikombe cha maji ya uvuguvugu, yale ambayo kidole kinayavumilia bila kuungua. Tia kijiko kidogo cha sukari na kijiko kidogo cha hamira. Baada ya robo saa inapaswa kutoa povu. Isipotoa, imekufa, nunua nyingine.

2. Sukari imezidi? Hili ndilo kosa la wengi. Sukari nyingi mno huikausha hamira, kama chumvi inavyokausha samaki. Gramu 200 kwa lita moja, yaani kilo 4 katika ndoo ya lita 20, zinatosha kutoa divai kamili. Ukipita gramu 300 kwa lita, usishangae pipa likisimama.

3. Baridi au joto? Hamira hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 30 za Selsiasi. Katika nyanda za juu wakati wa kipupwe, pipa lililowekwa juu ya sakafu ya saruji hulala. Liinue juu ya ubao na ulifunike blanketi. Ukitia hamira katika maji yanayochoma, umeiua siku ya kwanza.

4. Imekosa hewa mwanzoni? Siku ya kwanza hamira inahitaji hewa ili izaane. Koroga kwa nguvu kwa mwiko safi kabla na baada ya kuitia. Kuanzia siku ya tatu acha kuingiza hewa, maana sasa itaanza kuleta siki.

Mambo haya manne yakiwa sawa, na kinywaji ni cha asali au cha sukari tupu, hapo ndipo tuseme hamira ina njaa.

CHAKULA SALAMA CHA HAMIRA

Hamira iliyochemshwa. Hiki ndicho chakula tunachokipendekeza kwanza kwa kila nyumba. Hamira iliyokufa ina ndani yake yale yote ambayo hamira hai inayahitaji: naitrojeni, fosforasi, vitamini B na madini. Chukua hamira ya kawaida ya mikate, vijiko vitano vya chai kwa ndoo ya lita 20. Ichemshe katika nusu lita ya maji kwa dakika 10. Iache ipoe kabisa, kisha imimine yote katika ndoo. Hata hamira iliyozeeka, ile isiyotoa povu tena, inafaa kwa kazi hii mradi haina ukungu wala wadudu. Ni rahisi, hupatikana kila duka, na ni chakula tunachokula kila siku katika mkate.

Kimea. Konzi mbili za unga wa kimea cha ulezi au mtama, ukipikwa uji mwepesi na kupozwa, huwasaidia sana wanaotengeneza divai ya asali. Kinywaji hakitakuwa cheupe kama cha dukani, lakini kitachachuka. Angalizo: kimea chenye ukungu kitupwe. Ukungu wa nafaka huweza kuleta sumukuvu, nayo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 ndugu zetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walipoteza maisha kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kimea kianikwe juani, juu ya mkeka au turubai safi, kikauke haraka, kihifadhiwe pakavu.

Tunda lenyewe. Badala ya kuongeza maji na sukari, ongeza tunda. Ndizi mbivu zilizopondwa, au maji halisi ya nanasi, huleta chakula kidogo pamoja na ladha. Zabibu kavu, ambazo watu wengi huzisifu, hazina madhara lakini chakula chake ni kidogo. Usizitegemee peke yake.

Chakula cha hamira cha dukani. Viwanda vya divai hutumia unga mweupe wa fosfeti ya diamonia. Kwa jina ni ndugu wa mbolea ya DAP, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Tofauti yake ni kama ya chumvi ya mezani na chumvi ya kulambisha ng'ombe. Huu wa chakula umesafishwa na kupimwa madini mazito. Ukipata nafasi ya kuununua, zingatia haya:

- Kifungashio kiwe kimefungwa na kiwandani, kikiwa na jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho ya matumizi, na maneno yanayosema wazi kwamba ni kwa matumizi ya chakula. Namba ya kimataifa ya fosfeti za amonia katika vyakula ni 342.
- Usinunue uliopimwa katika kijikaratasi au mfuko wa plastiki usio na maandishi, hata muuzaji akiapa.
- Usiununue katika duka la pembejeo za kilimo. Huko huuzwa vitu vya shambani.
- Soma viungo vyote. Ukiona urea, au namba 927b, ambayo ni namba yake, uache.
- Usizidishe gramu moja kwa lita. Kwa nyumbani nusu yake inatosha: gramu 10 kwa ndoo ya lita 20. Pima kwa mizani, usikisie. Gawa mara mbili: nusu siku moja baada ya kutia hamira, nusu siku ya tatu.

Kwa nini tusitie mwishoni? Kwa sababu kilevi kikishakuwa kingi hamira hupoteza uwezo wa kula chakula hicho. Kitabaki katika divai, kitaipa ladha ya chumvichumvi, na kitakuwa lishe ya bakteria waharibifu. Hata kitu salama kina wakati wake na kiasi chake.

Viko pia vitu ambavyo watu hutia wakidhani ni chakula cha hamira, kumbe sivyo. Bekingi pauda na magadi si hamira wala si chakula chake. Huondoa uchachu unaokilinda kinywaji kisiharibike. Vidonge vya hospitalini, viwe vya vitamini au vya kitu kingine, viachwe kwa mgonjwa aliyeandikiwa. Limau huongeza uchachu mzuri lakini halilishi. Majani ya chai huongeza ukakasi tu.

NDOO MOJA YA LITA 20

Kwa wanaotaka kuona mambo haya yakifanyika kwa pamoja, hii ndiyo njia tunayoishauri kwa divai ya rozela.

Osha ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, uisuuze kwa maji yaliyochemka. Usitumie pipa lililowahi kuwa na dawa ya mifugo, ya mimea, au mafuta ya mitambo. Usitumie pia chombo cha bati lenye zinki, kwa kuwa uchachu wa rozela huyeyusha zinki, na wanywaji hutapika.

Chemsha nusu kilo ya rozela kavu katika lita 10 za maji kwa dakika 10. Chuja. Yeyusha humo sukari kilo 4. Ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka ifike karibu lita 19. Acha ipoe iwe vuguvugu tu. Mimina ile hamira iliyochemshwa kama tulivyoeleza. Koroga kwa nguvu kwa dakika tano ili hewa iingie.

Sasa amsha hamira hai: kijiko kimoja cha chakula katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, kwa robo saa. Ikitoa povu, imimine katika ndoo. Funika kwa kitambaa safi siku ya kwanza na ya pili. Kisha funika kwa kifuniko chenye mpira mwembamba unaoingia katika chupa ya maji, ili hewa ya ndani itoke na inzi wasiingie. Usifunge kabisa, ndoo iliyobanwa hupasuka. Vivyo hivyo usijaze chupa kabla povu halijakoma kabisa, maana chupa ya kioo hulipuka na kuumiza macho. Kwa kawaida povu kali huisha katika wiki mbili hivi. Hamisha divai iliyotulia katika chombo kingine safi, ukiacha machicha chini, na iache wiki nne au zaidi ijisafishe.

IKIWA MTU AMEKWISHA KUNYWA

Kama umegundua kwamba kinywaji kilitiwa mbolea, kimwage shimoni, mbali na kisima na mahali mifugo inapofika. Tunajua inauma kumwaga sukari iliyonunuliwa kwa fedha, lakini figo hazinunuliwi dukani.

Aliyekunywa kidogo na hana dalili, aache mara moja na anywe maji safi. Lakini mkimbizeni kituo cha afya mtu yeyote anayetapika mfululizo, anayeumwa tumbo sana, anayepumua kwa shida, anayechanganyikiwa, anayelala na kutoamka vizuri, anayeona giza au ukungu machoni, au mtoto ambaye midomo yake imegeuka rangi. Usimtapishe kwa nguvu. Usimpe maziwa wala mafuta kwa kudhani ni dawa. Chukua mfuko wa kile kilichotiwa, au kidogo cha kinywaji chenyewe, umwonyeshe mganga. Na useme kweli. Mganga hawezi kutibu kile alichofichwa.

Jambo jingine la nyumbani: urea ni nyeupe, na kwa mbali hufanana na sukari au chumvi. Isihifadhiwe jikoni, isiwekwe katika kopo la sukari, na isipimwe kwa kikombe cha chai. Mfuko wake ukae stoo, juu, mbali na watoto.

NENO KWA FAMILIA NA VIKUNDI

Tukizungumza juu ya divai salama hatusemi kwamba kilevi ni dawa. Kilevi chenyewe, hata kikiwa kisafi, kimetambuliwa tangu mwaka 1988 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Mama mjamzito asinywe kabisa. Watoto wasionjeshwe, hata kwa mzaha wa sherehe. Wao wana togwa na maji ya matunda. Anayeendesha gari au pikipiki asinywe. Anayetumia dawa amuulize mganga kwanza. Maandiko Matakatifu yanamsifu anayekunywa kwa kiasi na yanamwonya mlevi. Sisi hatuna la kuongeza.

Vikundi vya akina mama na vijana vinavyotaka kuuza divai vijue kwamba biashara hiyo ina vibali vyake. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. SIDO nayo hutoa mafunzo ya usindikaji. Anayewauzia watu kinywaji amebeba afya zao mkononi. Amri ya Mungu ya kutoua inamhusu na yeye.

Wengine wametuuliza kama divai safi ya rozela au ya asali iliyotengenezwa na waamini inaweza kupelekwa sakristia. Hapana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai ya Misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Divai ya rozela, hata ikitengenezwa kwa usafi wote, ni ya mezani kwetu, si ya altareni.

PIPA LA YULE MAMA

Turudi kwa mama yetu. Tulimwuliza maswali yale manne. Hamira yake ilikuwa nzima na chumba kilikuwa na joto la kutosha. Lakini sukari? Alitia kilo 14 katika lita 40, kwa sababu alitaka divai "iwe na nguvu". Hamira yake ilikuwa imezama katika asali, kwa namna ya kusema. Mbolea isingemsaidia kitu. Ingewatilia wageni wake sumu na kuiacha sukari palepale.

Alichemsha rozela nyingine bila sukari, akaongeza lita 25 akitumia ndoo mbili za ziada. Akachemsha hamira ya mikate, akaipoza na kuigawa katika vyombo vyote, kisha akaamsha hamira mpya na kuitia. Siku ya pili alituletea habari kwamba vyombo vyote vinatoa povu. Sasa ana lita 65 badala ya 40, na muda wa kutosha kabla ya harusi.

Bwana wetu katika parabola alimfananisha Ufalme wa Mungu na chachu aliyoichukua mwanamke na kuisitiri katika unga. Mwanamke yule alijua anachokitia, na alijua watakaokula ni watu wa nyumbani mwake. Basi kabla ya kutia kitu chochote katika ndoo yako, jiulize: je, ningekitia hiki katika uji wa mwanangu? Kama jibu ni hapana, kirudishe shambani.

Tuonane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.